Nani Aliyekataa? Utangulizi wa somo la benki, mikopo na hatifungani, ukianzia Burat

Kila baada ya miezi miwili hivi, Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Kenya hukutana Nairobi na kutoa taarifa. Humo huwamo takwimu moja inayokimbiliwa na waandishi wa habari za uchumi: mikopo ya benki kwa sekta binafsi imekua kwa kiasi gani katika mwaka uliopita. Desemba 2024 haikuwa imekua hata kidogo; ilikuwa imepungua kwa asilimia 1.4. Maelezo yalifuata kama kawaida: riba iko juu, biashara imelala, wateja hawaji kukopa.

Somo ninalokukaribisha linaanza pale maelezo hayo yanapoishia. Mkopo ni mapatano ya pande mbili. Usipofanyika, pengine aliyekataa ni mkopaji, pengine ni benki, na pengine wawili hao hawakuwahi kukutana. Takwimu huwa ni ile ile katika hali zote tatu, ila tiba hazifanani. Mkopaji aliyeogopa riba atarudi ikishuka. Benki iliyopata mahali penye faida zaidi pa kuweka fedha zake haitarudi kwa mkopaji mpaka faida hiyo ipungue. Na wale ambao hawajawahi kukutana wataendelea kupishana, riba ipande au ishuke.

Swali la msingi la taaluma hii, basi, ni fupi: nani aliyekataa? Ili kulijibu, mwanafunzi hana budi kusoma mambo mawili kwa pamoja: mahitaji ya mikopo, na soko la hatifungani, yaani zile hati za deni ambazo Wakenya wengi huziita bondi. Ukisoma moja bila jingine, jibu litakuponyoka.

Kwa nini Burat

Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwa kutazama kampuni za Marekani, Ulaya na Japani. Huko kampuni ikitaka fedha huwa na milango miwili: iende benki ikope, au iende sokoni iuze hatifungani kwa umma. Nadharia nyingi zimejengwa juu ya chaguo hilo.

Burat ni wadi ya Isiolo Kaskazini inayopakana na mji wa Isiolo. Kando ya Mto Isiolo kuna mashamba ya kumwagilia maji. Ukiyapita unaingia kwenye malisho ya ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo. Wanaishi humo Waturkana, Waborana, Wasamburu, Wameru na Wasomali. Matawi ya benki yako mjini. Hakuna mkazi wa Burat atakayeuza hatifungani yake Soko la Hisa la Nairobi, na wengi hawajawahi kuketi mbele ya meza ya ofisa wa mikopo. Kwa mtazamo wa vitabu, mahali kama hapa ni pembezoni mwa somo. Mimi naona ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu hapa maneno "mahitaji hafifu ya mikopo" hayawezi kupita bila kuhojiwa.

Mizania kwa ufupi

Benki hupokea amana na kuzigeuza mali. Mali hizo, ukiacha majengo na fedha zinazowekwa Benki Kuu, ni za aina mbili kubwa: mikopo kwa watu na kampuni, na dhamana za serikali, zikiwemo hati za muda mfupi za siku 91, 182 na 364, na hatifungani za miaka kadhaa.

Mkopo una kazi nyingi. Mteja lazima achunguzwe, mali ya rehani ikaguliwe, malipo yafuatiliwe mwezi baada ya mwezi. Mwaka 1984 Douglas Diamond, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Uchumi mwaka 2022, alieleza kwamba hiyo ndiyo sababu ya benki kuwepo: maelfu ya wenye akiba hawawezi kila mmoja kumchunguza kila mkopaji, hivyo humwachia mmoja kazi hiyo kwa niaba yao. Benki inayoacha kuchunguza wakopaji na kununua hatifungani tu imeacha kazi ambayo wenye amana wasingeweza kujifanyia wenyewe.

Hatifungani ya serikali haina kazi hiyo. Isitoshe, sheria za mtaji huipendelea. Benki ikimkopesha mfanyabiashara, kwa kawaida hutakiwa kutenga mtaji kwa ajili ya hatari ya mkopo huo. Ikiikopesha serikali yake kwa shilingi, hatari huhesabiwa sifuri. Ofisa anayetoa mkopo mbaya huitwa kujieleza. Aliyenunua hatifungani ya serikali haulizwi.

Mkopaji mkubwa anapohama

Tawi la kwanza la taaluma hii linachunguza kinachoipata benki wateja wake bora wanapohamia soko la hatifungani. Mfano unaofundishwa zaidi ni Japani. Katika miaka ya 1980 masharti ya kuuza hatifungani yalilegezwa, na kampuni kubwa zilizokuwa zikitegemea benki zikaanza kukopa moja kwa moja sokoni. Benki zilibaki na amana nyingi na wakopaji wachache wa kuaminika. Zikageukia kampuni ndogo na biashara ya ardhi, ambako hazikuwa na uzoefu wa kutosha. Bei za ardhi ziliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mikopo mingi ikawa chechefu, yaani wakopaji walishindwa kuilipa.

Baadaye Japani ilitoa funzo la pili. Riba ilishushwa hadi karibu na sifuri, lakini kampuni hazikukopa. Mchumi Richard Koo alieleza kwamba kampuni zilizokuwa na madeni makubwa kuliko thamani ya mali zao zilitumia kila faida kulipa deni, hata kama mkopo mpya ungekuwa wa bei ya bure. Hapo aliyekataa alikuwa mkopaji, na benki zikajaza mizania zao hatifungani za serikali.

Kenya inayo mifano yake, ingawa michache. Mwaka 2021 kampuni ya East African Breweries iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 11 kwa riba ya asilimia 12.25, na wanunuzi walijitokeza kwa kiasi kinachozidi hicho mara kadhaa. Kampuni ya namna hiyo ndiyo ambayo kila benki ingependa kuikopesha. Inapoondoka huondoka na faida isiyo na usumbufu, na wanaobaki kwenye foleni ni wakopaji wagumu zaidi kuwapima.

Hata hivyo soko la hatifungani za kampuni halijapanuka sana nchini, na sababu mojawapo ni majeraha ya miaka ya nyuma. Imperial Bank iliwekwa chini ya mrasimu Oktoba 2015, mara tu baada ya kukusanya shilingi bilioni 2 kwa hatifungani. Chase Bank ilifuata Aprili 2016, haijatimiza mwaka tangu iuze ya kwake. Waliopoteza fedha walijifunza kuiamini serikali pekee.

Serikali inapoingia sokoni

Hapa ndipo hadithi ya Kenya inapotengana na ya vitabuni. Kwetu hatifungani si mlango ambao wateja wa benki hutokea kwa wingi. Ni mlango ambao benki yenyewe hutokea, ikiwaacha wateja ndani. Mwaka 2024 benki za biashara zilishika zaidi ya asilimia 40 ya deni la ndani la serikali.

Jaribio la wazi kabisa lilianza Septemba 2016, sheria ilipoweka kikomo cha riba ya mikopo: isizidi kiwango cha riba cha Benki Kuu kwa zaidi ya pointi nne. Mwaka 2017 kiwango hicho kilikuwa asilimia 10, kwa hiyo kikomo kilikuwa 14. Wabunge walitarajia mwananchi mdogo angekopa kwa nafuu. Benki zilipiga hesabu nyingine: ikiwa serikali inalipa asilimia 12 hadi 13 kwa hatifungani, pointi moja au mbili za ziada hazitoshi kufidia hatari ya kumkopesha mwenye duka. Ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi ulianguka hadi karibu asilimia 2 mwaka huo. Kikomo kiliondolewa Novemba 2019.

Joseph Stiglitz na Andrew Weiss walikuwa wameonyesha tangu 1981 kwamba benki haipandishi riba bila kikomo hata ikiruhusiwa, kwa sababu riba kubwa huwafukuza wakopaji waangalifu na kuwabakiza wanaocheza kamari. Badala yake hukopesha kwa mgao: wengine hupata, wengine wanaofanana nao hukosa. Sheria ya 2016 iliubana zaidi mgao ambao tayari ulikuwapo.

Mfano wa pili ni wa Februari 2024. Kenya ilikuwa inakaribia kulipa hatifungani yake ya kwanza ya kimataifa, ya dola bilioni 2 iliyouzwa mwaka 2014, na wawekezaji walikuwa na wasiwasi. Hazina ilitafuta shilingi bilioni 70 kwa hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu. Zilijitokeza zaidi ya bilioni 288, na serikali ikachukua karibu bilioni 241, kwa riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa kodi.

Fanya hesabu kama ofisa wa hazina ya benki. Kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30. Tukiacha gharama nyingine kando, mkopo wa kawaida ungepaswa kutoza zaidi ya asilimia 26, na ulipwe wote bila shilingi moja kupotea, ili ulingane na hatifungani ile. Wakati huo sehemu ya mikopo chechefu katika benki za Kenya ilikuwa imezidi asilimia 15. Kufikia Juni 2025 ilikuwa asilimia 17.6. Je, anayeeleza kudorora kwa mikopo ya mwaka 2024 kwa kusema wateja hawakuja amesema kweli yote?

Tangu Agosti 2024 Benki Kuu imekuwa ikishusha kiwango chake, kutoka asilimia 13 hadi 9 kufikia Desemba 2025. Riba ya hati za siku 91, iliyokuwa imefika asilimia 16 mwaka 2024, ilishuka hadi takriban 8 kufikia katikati ya 2025. Mikopo ikaanza kukua tena mwaka huo, polepole. Kwamba ilifufuka baada ya dhamana za serikali kupoteza mvuto ni ushahidi wa upande mmoja. Kwamba ilifufuka polepole hivyo ni dalili kwamba wapo pia wakopaji waliokuwa wamekataa, au wasioaminika tena kwa sababu ya madeni ya zamani. Baadhi ya hao ni wakandarasi waliofanya kazi za serikali kuu au za kaunti na kukaa miaka bila kulipwa. Serikali hiyo hiyo inayokopa fedha za benki kwa hatifungani inaweza, kwa kuchelewesha malipo, kuufanya mkopo wa mkandarasi kuwa chechefu na hivyo kuithibitishia benki kwamba hatifungani ilikuwa chaguo salama.

Usalama huo nao una mipaka. Bei ya hatifungani ya zamani hushuka riba mpya inapopanda. Silicon Valley Bank ya Marekani ilianguka Machi 2023 baada ya kutangaza hasara ya dola bilioni 1.8 kwa kuuza dhamana zake, ingawa nyingi zilikuwa za serikali na hakuna mtu aliyekuwa amekataa kulipa. Wenye amana walikimbilia fedha zao kabla ya dhamana zilizosalia kuiva.

Mahitaji hafifu, yakionekana kutoka Burat

Mwaka 2014 Bo Becker na Victoria Ivashina walichapisha mbinu nzuri ya kujibu swali letu. Chukua tu zile kampuni zilizopata deni jipya. Hizo zimethibitisha kwamba zinahitaji fedha. Kisha tazama zimezipata wapi. Zikihama kutoka mikopo ya benki kwenda hatifungani, basi hazikupoteza hamu ya kukopa. Benki ndiyo iliyofunga mkono.

Burat hakuna hatifungani za kutazama, lakini mantiki yenyewe inahamishika. Tafuta waliokopa, kisha uliza wamekopa wapi. Mwenye duka anayewaandikia wateja daftarini unga na sukari mpaka mbuzi wauzwe amekopesha. Chama cha akina mama kimekopesha. Simu imekopesha: M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mtu anayekubali bei hiyo kwa mwezi mmoja, wakati benki ikitangaza asilimia 17 kwa mwaka mzima, hawezi kuhesabiwa miongoni mwa wasiotaka mkopo. Anautaka sana, ila benki haipo katika mazungumzo hayo.

Kwa nini haipo? Kwanza, rehani. Benki imezoea hati miliki na kitabu cha gari, na sehemu kubwa ya ardhi ya Isiolo ni ya jamii au haijapimwa. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika iliruhusu mifugo iwe rehani, lakini ofisa wa mikopo bado hujiuliza ng'ombe watakuwa wapi kiangazi kikija. Swali hilo si la kudharauliwa. Kati ya 2020 na 2023 kaskazini mwa Kenya ilikosa mvua misimu mitano mfululizo, na mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikufa nchini. Bima ya mifugo inayolipa kwa kupima ukijani wa malisho kwa setilaiti ilianza kujaribiwa Marsabit mwaka 2010 na baadaye ikafika Isiolo. Inapunguza hofu hiyo, lakini haijaiondoa.

Pili, kalenda. Mkopo wa benki hudai marejesho kila mwezi. Mapato ya mfugaji huja mnada unapochangamka na mvua inapokubali. Mwuzaji wa maziwa ya ngamia yanayosafirishwa kutoka Isiolo hadi Eastleigh, Nairobi, ana mapato ya kila siku msimu wa mvua, kisha yanapungua ghafla. Mwalimu au mwanajeshi aliye na mshahara hupata mkopo kwa urahisi kwa kuwa kalenda yake na ya benki ni moja.

Tatu, wapo wanaokataa kweli, na kwa sababu ambazo kiwango cha Benki Kuu hakizigusi. Mwislamu anayejiepusha na riba hashawishiki ikishuka kutoka 17 hadi 15. Anachotaka ni muundo mwingine. Gulf African Bank na First Community Bank zilianza mwaka 2008 kuwahudumia wateja wa namna hiyo, na ya pili sasa inaitwa Premier Bank Kenya. Mwaka 2023 Kenya ilipata sukuk yake ya kwanza, yaani hatifungani isiyo na riba, iitwayo Linzi, ya shilingi bilioni 3 za kujenga nyumba Nairobi, kwa hiyo hata upande wa hatifungani mlango huo umeanza kufunguka. Vilevile yupo mfugaji aliyefiwa na mifugo na akategemea busa gonofa, utaratibu wa Waborana wa ukoo kumchangia aliyepoteza mifugo aanze upya. Huyo amepata mtaji bila deni la benki. Kumhesabu kama mahitaji hafifu ni kumsoma vibaya.

Wakati huohuo amana za Isiolo hazilali tawini. Mishahara na mauzo huingia, hujumlishwa na za matawi mengine, na sehemu yake hununua dhamana za serikali katika mnada wa Nairobi. Si lazima iwe dhuluma. Serikali hurudisha fedha kwa mishahara, barabara na mgao wa kaunti. Lakini uamuzi wa nani apate mtaji umefanyika mbali na wanaomjua mkopaji.

Siku hizi hata mwenye amana ameanza kuhama. M-Akiba ya mwaka 2017 iliuza hatifungani ya serikali kupitia simu kuanzia shilingi 3,000. Mfumo wa DhowCSD, ulioanzishwa na Benki Kuu mwaka 2023, unamwezesha mwenye shilingi 50,000 na akaunti ya benki kununua bila kumpitia dalali. Kama benki ilikuwa ikichukua amana kwa riba ndogo na kununua hatifungani kwa riba kubwa, mteja sasa anaweza kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Benki itabaki na kile ambacho mteja hawezi kujifanyia: kumpima mkopaji.

Namna ya kuanza

Mwanafunzi mpya aanze na hati mbili, azisome sambamba. Ya kwanza ni utafiti wa mikopo ambao Benki Kuu huufanya kila robo mwaka. Humo maofisa wa mikopo wa benki huulizwa kama mahitaji yamepanda au yameshuka. Soma kwa makini nani anayeulizwa: ni upande mmoja wa mapatano. Ofisa huona walioingia ofisini. Waliokata tamaa wakiwa njiani hawaoni. Ya pili ni utafiti wa FinAccess, unaofanywa tangu 2006, na ambao tangu 2021 unaonyesha hali ya kaunti moja moja. Huu huwauliza watu majumbani wanakopa wapi, wanalipaje, na kwa nini hawakopi.

Pale hati hizo zinapotofautiana, ndipo utafiti wako unapoanzia. Benki zikisema mahitaji yameshuka katika kipindi ambacho kaya zinaongeza deni la dukani na la simu, basi umepata kipimo cha umbali kati ya benki na mkopaji, na umbali huo hauponywi kwa kushusha kiwango cha riba peke yake. Zikikubaliana kwamba watu wameacha kukopa kila mahali, hapo tafuta ukame, madeni ya zamani, au mtaji uliokuja kwa njia ya ukoo.

Kazi ya namna hiyo haijafanywa ya kutosha kwa maeneo ya wafugaji, na haiwezi kufanywa na mtu asiyejua Kiborana, Kiturkana au Kisomali, wala na asiyejua kusoma mizania. Ukiwa na ujuzi wa pande zote mbili, au ukiwa tayari kuutafuta, taaluma hii inakuhitaji kuliko unavyodhani. Karibu.